Baiskeli Yangu Ilikuwa na Katikati Mbili

Cheni ilianguka nikiwa narudi mjini Tanga kutoka Pongwe, asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa bado tupu. Nilikuwa nimesimama juu ya pedali ili nimalize mwinuko mdogo, mguu wa kulia ukazama ghafla bila kukutana na chochote, goti likagonga usukani, na baiskeli ikasogea yenyewe mita kadhaa kabla sijaweza kushuka. Nilipoinama kutazama, cheni ilikuwa imejibana kati ya sproketi ya mbele na fremu, na rangi ya bluu niliyoipaka kwa mikono yangu wiki tatu kabla ilikuwa imekwanguliwa hadi kwenye chuma.

Niliirudisha kwa kijiti, nikafuta mikono kwa majani, nikapanda tena.

Cheni kuanguka si jambo la ajabu, na isingenikosesha usingizi. Kilichonisumbua ni kwamba siku mbili kabla ya safari hiyo nilikuwa nimeupima mstari wa cheni, yaani umbali wa meno kutoka katikati ya baiskeli, mbele na nyuma, nikarudia mara tatu kila upande, na vipimo vilikuwa vinakubaliana.

## Vipande vya familia tatu

Baiskeli za gia moja si ngeni kwetu. Nimekua nikipakiwa kwenye keria ya Phoenix, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mtu akizungumzia mstari wa cheni, kwa sababu mstari huo uliamuliwa kiwandani: urefu wa ekseli ya pedali, unene wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, mahali inapokaa friwili, yaani sproketi ya nyuma, vyote vilitengenezwa kwa ajili ya fremu ile ile. Fundi akibadilisha friwili, anafunga nyingine ya aina hiyo hiyo, nayo inakaa palepale ilipokaa ya kwanza.

Yangu niliiunda kwa vipande visivyojuana. Fremu ni ya chuma, ya baiskeli ya gia 12, iliyofika kwa mtumba kutoka Ulaya, yenye nafasi ya milimita 126 kati ya midomo ya nyuma, yaani pale ekseli ya gurudumu inapokaa. Kranki zilikuja nayo zikiwa na sproketi mbili, ya meno 52 na ya meno 42. Gurudumu la nyuma lilitoka kwenye baiskeli nyingine na lilitengenezwa kubeba friwili ya ngazi sita, nami nikalifunga friwili ya ngazi moja yenye meno 18. Cheni nilinunua nene, ya inchi 1/8, kwa sababu ndiyo inayopatikana kila duka la Ngamiani.

Mbele nilibakisha sproketi ya meno 42, na kwa kuwa ile ya 52 iliacha nafasi wazi upande wa nje, niliihamishia hii ya 42 hapo, maana ilionekana vizuri zaidi. Meno 42 kwa 18 yanalizungusha gurudumu mara mbili na theluthi moja kwa kila mzunguko wa pedali, karibu mita 5 za barabara, kiasi kinachofaa kabisa kwa mji tambarare kama wetu.

Siku ya kwanza tu ilianza kulia.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayesaga mchanga kwa meno ya nyuma, taratibu, na ilizidi kila nilipokandamiza pedali.

## Vipimo vya kwanza

Mstari wa cheni hupimwa hivi. Mbele, unapima kutoka uso wa nje wa bomba la siti hadi katikati ya unene wa jino la sproketi, kisha unaongeza nusu ya kipenyo cha bomba. Bomba langu lina milimita 28.6, kwa hiyo nyongeza ni 14.3. Nyuma, unagawa nafasi ya midomo kwa mbili, kwangu ikawa 63, kisha unatoa umbali wa kutoka uso wa ndani wa mdomo wa kulia hadi katikati ya jino la friwili. Namba mbili unazozipata zinapaswa kulingana. Baiskeli za mashindano ya uwanjani huwa na 42 mbele na nyuma; baiskeli za barabara zenye sproketi mbili huhesabiwa 43.5, kipimo ambacho hakipo kwenye sproketi yoyote bali katikati ya hizo mbili.

Mbele nilipata 46. Nyuma nilipata 40.

Nilifurahi, kwa kweli, kwa sababu tofauti ya milimita 6 ilikuwa maelezo tosha ya kelele, na dawa yake haikugharimu hata shilingi: nilifungua boliti tano, nikairudisha sproketi upande wa ndani ilikotoka, nikapima tena. Mbele sasa ilikuwa 41, nyuma 40. Milimita moja ya tofauti kwenye baiskeli ya kuunda nyumbani ni matokeo mazuri.

Kelele ilipungua. Haikuisha.

Siku mbili baadaye nilikwenda Pongwe.

## Hoja ya fundi

Nilimpelekea baiskeli mzee mmoja anayetengeneza baiskeli Ngamiani, mtu ambaye mikono yake imeshika baiskeli nyingi kuliko nitakazoziona maishani. Nilimwamkia, akaitikia, akaizungusha pedali kwa mkono mara mbili huku ameinamisha sikio, akaniambia: "Hii ni mpya, mwanangu. Itazoea." Nilipomweleza habari ya milimita, alinionyesha baiskeli ya gia iliyokuwa imeegemezwa ukutani, cheni yake ikitoka sproketi kubwa ya mbele kwenda kwenye meno makubwa kabisa ya nyuma, imelala mshazari kiasi cha kuonekana kwa macho bila rula. "Hiyo inatembea kila siku," alisema. "Yako imenyooka kama kamba ya mwashi."

Hoja hiyo nilirudi nayo nyumbani, na kwa siku nyingi sikuweza kuijibu.

Niliifanyia hesabu. Kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya nyuma, fremu yangu ina karibu milimita 420. Cheni ikihama milimita 6 katika urefu huo, imepinda kwa digrii 0.8 tu. Baiskeli ya gia inapotumiwa vibaya, kubwa kwa kubwa, cheni hupinda zaidi ya digrii mbili, na mwenye nayo anakwenda sokoni na kurudi. Kama digrii mbili zinavumilika kwake, kwa nini digrii moja isivumilike kwangu?

Jibu lilinijia kidogo kidogo, na sehemu kubwa nililipata kwa kuitazama cheni yenyewe kuliko kwa kufikiri.

Cheni ya namna hii, ambayo Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, aliipatia hati miliki mwaka 1880, ina pini, juu ya pini kuna bushi, na juu ya bushi kuna rola inayozunguka. Miaka mitano baadaye John Kemp Starley alitengeneza Rover kule Coventry, baiskeli yenye magurudumu yanayokaribia kulingana na cheni inayovuta gurudumu la nyuma, na tangu hapo umbo hilo halijabadilika sana. Kazi ya kugusa jino ni ya rola. Rola inatua kwenye shina la jino, inazunguka kidogo, inaondoka. Vibati vya pembeni havikuumbwa kugusa jino; vinapoligusa, hakuna kinachozunguka hapo, ni chuma kinachokwangua chuma.

Baiskeli ya gia inalindwa na mambo ambayo yangu haina. Cheni yake ni nyembamba na imetengenezwa ipinde kwenda upande. Meno yake ya nyuma ni mafupi, na mengine hukatwa makusudi ili cheni itoke na kuingia kwa urahisi. Zaidi ya yote, kuna mkono wenye springi chini ya friwili unaovuta ulegevu wote wa upande wa chini, na rola zake ndogo zinaipeleka cheni mbele ya jino linalotakiwa kila sekunde. Yangu haina mkono wa kuiongoza. Upande wa chini unaning'inia na ulegevu wa sentimita moja hivi, gurudumu likiingia shimoni ulegevu ule unayumba, na kitu pekee kinachoirudisha cheni kwenye meno ni ule unyoofu wake.

Kwa hiyo fundi alisema kweli kuhusu baiskeli ya ukutani, lakini kweli hiyo haikuhamia kwenye yangu.

## Meno

Bado nilikuwa na shida kubwa zaidi. Hata kama digrii 0.8 zilikuwa nyingi, mimi sikuwa nazo tena. Vipimo vyangu vilisema milimita moja, na milimita moja ni digrii 0.14, pindo ambalo cheni yoyote inalimeza bila kusema neno.

Jioni moja nilivua cheni nikasafisha meno kwa mafuta ya taa, nikayaangalia kwa tochi. Kwenye sproketi ya mbele, uso wa nje wa meno ulikuwa unang'aa kama sarafu mpya, na uso wa ndani ulikuwa bado mweusi. Kwenye friwili ilikuwa kinyume: uso wa ndani unang'aa, wa nje haujaguswa.

Kulikuwa na jambo jingine lililonishangaza kwa muda, kwamba mbele jino moja linang'aa sana na linalofuata kidogo, kisha sana, kisha kidogo, hadi mduara mzima. Hilo lina sababu nyepesi. Cheni ina viungo vya vibati vya ndani na vya nje kwa kupokezana, na kwa kuwa meno yangu ni shufwa, 42 na 18, na viungo vya cheni navyo ni shufwa, kila jino linakutana na aina ile ile ya kiungo siku zote hadi cheni itakapovuliwa. Meno yanayopata vibati vya ndani, vilivyo karibu zaidi, ndiyo yanayosuguliwa.

Lakini mng'ao wa pande zinazopingana haukuwa na maelezo mepesi. Ukiuchora kwenye karatasi utaona maana yake ni moja tu: sproketi ya mbele iko nje zaidi ya friwili, nyuma inaivuta cheni kwenda ndani na mbele inaivuta kwenda nje. Mng'ao ule haukuwa wa milimita moja.

Nikawa na mashahidi wawili wanaopingana, rula na meno, na sikuona namna ya kumkataa yeyote kati yao.

Nilipima tena. 41 na 40. Nilimwomba jirani apime bila kumwambia namba zangu. Alipata 41 na 40.

Siku zilizofuata nilishuku kila kitu kwa zamu. Nilishuku goroli za ekseli ya pedali, nikaifungua, zikawa nzima. Nilifikiri labda sproketi inayumba, nikafunga kijiti kwenye uma wa nyuma na kuizungusha mbele yake; ilikuwa inayumba, lakini kwa milimita moja tu. Nilishuku kwamba cheni nene juu ya sproketi iliyokatwa kwa cheni nyembamba ya inchi 3/32 inacheza mno, na ni kweli inacheza, ila mchezo huo ungeifanya cheni igonge pande zote mbili za jino, si upande mmoja. Nilifika mahali pa kutaka kununua ekseli fupi ya pedali ili niisogeze sproketi ndani zaidi, bila kujua kwa nini, kwa kutii meno tu. Nafurahi kwamba duka halikuwa nayo.

## Gurudumu lililogeuzwa

Mafundi wana jaribio la zamani la kujua kama rimu iko katikati ya habu. Unalitoa gurudumu, unaligeuza kulia kuwa kushoto, unalirudisha kwenye fremu. Kama rimu iko katikati, itakaa palepale ilipokuwa. Kama imevutwa upande mmoja, itahamia upande wa pili. Sikuwa na sababu ya kulifanya, kwa kuwa rimu yangu ilikuwa imekaa vizuri kabisa kati ya mikono ya uma wa nyuma, nafasi sawa kushoto na kulia. Nililifanya kwa sababu mengine yote yalikuwa yamekwisha.

Rimu ilihama milimita 6 hivi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba nimepata gurudumu lililovutwa vibaya, na nilishachukua ufunguo wa spoku ili niirudishe rimu katikati. Mkono ulisita. Rimu hii, kwa mujibu wa jaribio, ilikuwa imevutwa milimita 3 kwenda kulia mwa habu yake. Lakini gurudumu likiwa limefungwa inavyotakiwa, rimu ilikuwa katikati ya fremu. Rimu isiyo katikati ya habu inawezaje kukaa katikati ya fremu?

Inawezekana kwa namna moja tu. Habu yenyewe haiko katikati ya fremu.

Nilikaa chini kwenye saruji. Mtu fulani kabla yangu, labda miaka mingi iliyopita na gurudumu hili likiwa kwenye baiskeli nyingine iliyopinda, au labda yule fundi aliyelikaza spoku siku nilipolinunua na kuliweka kwenye fremu yangu ili ajue limenyooka, aliivuta rimu hadi jicho lake likaridhika. Aliridhisha jicho, na akaficha kilichokuwa kimepinda.

## Uzi

Nilichukua uzi wa kushonea magunia, nikaufunga kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto, nikaupitisha mbele kuzunguka kichwa cha fremu, nikaurudisha hadi mdomo wa kulia na kuukaza. Sasa kulikuwa na nyuzi mbili zilizonyooka, moja kila upande wa bomba la siti. Fremu ikiwa sawa, bomba linakuwa mbali sawasawa na kila uzi.

Kushoto: milimita 36. Kulia: 32.

Sehemu ya nyuma ya fremu ilikuwa imeegemea kushoto. Tofauti ya 4 maana yake bomba la siti liko milimita 2 nje ya mstari wa katikati, na kwa kuwa bomba liko njiani tu kati ya kichwa na midomo, kosa hilo linakua kadiri unavyokwenda nyuma. Kwenye midomo yenyewe nilikadiria 3.5.

Hapo namba zote zilikaa mahali pake. Friwili yangu ilikuwa 40 kutoka katikati ya habu, na kipimo hicho kilikuwa cha kweli. Sproketi ilikuwa 41 kutoka katikati ya bomba la siti, na hicho nacho kilikuwa cha kweli. Ila katikati ya habu na katikati ya bomba la siti hazikuwa kitu kimoja. Ukiipima friwili kutoka kwenye katikati ya fremu, ilikuwa 36.5, na tofauti ya mbele na nyuma ilikuwa milimita 4.5, si moja. Siku ya kwanza, sproketi ikiwa upande wa nje, ilikuwa 9.5.

Rula haikunidanganya hata mara moja. Mimi ndiye niliyeiuliza maswali mawili kutoka sehemu mbili, kisha nikayalinganisha majibu kana kwamba yametoka sehemu moja.

Kuna njia ambayo ingenionyesha hili tangu mwanzo, nayo ni kulaza ubapa ulionyooka juu ya uso wa sproketi na kuuacha ufike nyuma, kisha kuangalia unaigusa wapi friwili. Haihitaji kujua katikati yoyote. Nilikuwa naijua, na niliiacha kwa sababu sproketi ya meno 42 ina kipenyo cha milimita 170 tu, na kuyumba kwake kwa milimita moja kunakuzwa mara kadhaa unapofika kwenye friwili. Bado naamini rula inapima vizuri zaidi. Lakini siku hizi naanza na ubapa, kwa kuwa jibu lake la kukadiria linatoka kwenye vitu viwili vinavyohusika na si kwenye kitu cha tatu ninachokidhania.

## Ubao wa fundi

Nilirudi kwa mzee wa Ngamiani, nikiwa na fremu tupu begani na uzi mfukoni. Alinitazama nikiufunga uzi bila kusema kitu, akapima mwenyewe kwa kidole gumba kushoto, kisha kulia, akasema: "Hii imelaliwa na mzigo." Huenda ilikuwa chini ya rundo ndani ya kontena. Aliniuliza kama ni chuma au aluminiamu, akaweka sumaku kuhakikisha, kwa sababu aluminiamu ukiikunja haikusamehe, inapasuka leo au inapasuka barabarani.

Alitumia ubao mrefu wa inchi mbili kwa nne, akauegemeza kwenye bomba la siti na kuufanya wenzo, akausukuma mkono wa kulia wa uma kwenda nje, kisha akauvuta wa kushoto ndani. Chuma kina tabia ya kurudi. Unakisukuma milimita 10 kinabaki na moja. Kila baada ya msukumo tulifunga uzi na kupima. Ilichukua karibu saa nzima, na mwishoni tulipata 34 na 34, na nafasi ya midomo bado 126. Midomo yenyewe ilikuwa imegeuka kidogo, haitazamani, akainyoosha kwa spana kubwa, la sivyo ekseli ingekuwa inapindishwa kila inapokazwa.

Gurudumu nalo lilibidi lirudishwe, kwa kuwa sasa rimu ilikuwa milimita 3 kulia mwa fremu iliyonyooka. Nililegeza spoku za kulia na kukaza za kushoto, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikaligeuza, nikaligeuza tena, hadi rimu ikakaa palepale kwa pande zote.

## Milimita iliyobaki

Mbele 41, nyuma 40, na safari hii kutoka katikati moja.

Niliwaza kuimaliza na hiyo moja. Inawezekana: uzi wa skrubu wa friwili ni inchi 1.37 kwa mizunguko 24 kwa inchi, sawa na wa vikombe vya ekseli ya pedali ya fremu yangu, kwa hiyo wosha nyembamba ya vikombe hivyo inaingia nyuma ya friwili na kuisukuma nje. Sikufanya hivyo. Sproketi yangu inayumba kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo ningekuwa nafukuza kipimo kilicho kidogo kuliko kinachosogea.

Jumamosi iliyopita, baada ya karibu kilomita 300, nilivua cheni na kusafisha meno tena kwa mafuta ya taa. Mng'ao wa zamani umefifia, na ulioanza upya uko katikati ya jino, pale rola inapotua, kushoto na kulia pakiwa sawa. Jino moja tu la mbele bado linang'aa upande wa nje kuliko wenzake, palepale sproketi inapoyumba zaidi. Nililitia alama ya chaki, nikafunga cheni, nikaenda Pongwe na kurudi. Nilichosikia njia nzima ni tairi.